Ndege wa Uani Wakati wa Mvua na Jua Kali

Muhula uliopita tulisoma darasani habari ya watu wa Ulaya wanavyowatundikia ndege mbegu na mafuta wakati wa theluji. Tulicheka sana. Mwenzetu mmoja aliuliza, "Na ndege wa Kampala wana taabu gani, wakati hata sisi hatuvai makoti?" Mimi nami nilicheka, lakini si kwa moyo, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumwua ndege mmoja kwa kumhurumia. Kwa hiyo nimeona yafaa niandike somo hili, maana jambo lenyewe nililijua kwanza kwa kosa, ndipo nikalijua kwa kitabu.

Kwetu ni Katwe. Wengi wenu mwaijua Katwe kwa ajili ya mafundi wake, wale wanaogonga mabati kutwa nzima, wakitengeneza masigiri, masanduku, masufuria na milango ya chuma. Nyuma ya barabara ile ya kelele ndiko uliko uani kwa bibi yangu, ambaye sote twamwita Jajja. Katika uani huo umesimama mtuba mmoja wa zamani, ule mti ambao Waganda huuita mutuba na kuutoa gome la kutengenezea nguo. Nitarudi kwenye mti huo, maana karibu utuletee ugomvi nyumbani.

Alasiri moja ya Desemba, mwaka juzi, joto lilikuwa kali. Kisha upepo ukatoka upande wa ziwa, nyundo za mafundi zikanyamaza moja moja, na mvua ya mawe ikashuka. Haikuchukua hata nusu ya saa. Ilipopungua nilitoka kuzibua mfereji, nikamwona mbayuwayu amelala kando ya maji, manyoya yamegandamana, macho yamefumba nusu. Nilimwokota. Alikuwa mwepesi mno hata nikadhani sina kitu mkononi. Nikakimbia jikoni, nikapasha maziwa, nikamfunua mdomo kwa ukucha na kumtilia kijiko kimoja. Alitweta mara mbili, akatikisa kichwa, akafa.

Jajja alikuwa akinitazama. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, umemnywesha au umemzamisha?"

Shule ilipofunguliwa mwezi wa Februari nilimpelekea mwalimu wetu wa elimu ya viumbe swali hilo hilo. Alichukua chaki akachora kichwa cha ndege kilichokatwa upande. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma kidogo tu ya ulimi, juu ya sakafu ya mdomo. Anapokunywa mwenyewe hulifunga. Lakini mtu akimtilia maji kwa nguvu, maji hupita moja kwa moja hata mapafuni. Tena maziwa si chakula cha ndege kabisa, maana tumbo lake haliwezi kuyasaga. Basi Jajja alikuwa amesema kweli bila kuchora picha.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Kwa nini mvua ya nusu saa imwangushe ndege aliyevuka jangwa la Sahara? Kwa maana yule mbayuwayu, kwa kadiri nilivyomweleza mwalimu, mwenye koo jekundu, utepe mweusi kifuani na tumbo jeupe, alikuwa mgeni kutoka kaskazini. Wageni hawa huzaa Ulaya na Asia, nao hufika kwetu yapata Septemba na kuondoka yapata Aprili. Wanaikimbia ile theluji tuliyoisoma. Kwa hiyo ndege mmoja huyo huyo aweza kuwa uani kwa Mzungu mwezi wa Julai na uani kwetu Katwe mwezi wa Desemba, na taabu yake ni juu yetu sote wawili.

Jibu ni hili. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi, yaani kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Joto la mwili wake ni kama digrii 41, kupita joto letu sisi. Sasa, kumbuka uji wa shuleni. Uji ulio katika sufuria kubwa hukaa na moto muda mrefu, lakini ukiuteka katika kikombe hupoa kabla hujapata kijiko. Kitu kidogo hupoteza joto upesi, na ndege ni kikombe. Kinachomwokoa ni manyoya yake, ambayo hushika hewa katikati yake kama blanketi. Manyoya yakilowa hata ndani, hewa ile hutoka, na blanketi huwa tambara la maji. Usiku wa Kampala hushuka mara nyingi hata digrii 17 au 16. Kwetu hiyo ni baridi ya kujifunika shuka tu; kwa kiumbe cha gramu 20 kilicholowa ni safari ya hatari hata asubuhi.

Juu ya hayo kuna njaa. Mbayuwayu hula wadudu warukao tu, na wadudu hawaruki katika mvua. Mvua ikinyesha asubuhi hata jioni, meza yake imeondolewa. Ndege mdogo hana akiba ya siku nyingi mwilini. Kwa hiyo si kweli kwamba nchi isiyo na theluji haina majira ya shida. Ulaya shida huja mara moja kwa mwaka na kukaa kwa majuma. Kwetu huja kwa saa, ikaondoka, ikarudi kesho kutwa. Masika, ambayo Waganda huiita ttoggo, ni Machi hata Mei, na mvua za pili ni Septemba hata mwisho wa Novemba au zaidi. Katikati ya majira hayo yako majira ya jua, yenye shida yake nyingine.

Hata hao wenzetu wa kaskazini wameona misiba. Katika majira ya baridi ya 1962 na 1963 baridi ya Uingereza ilikuwa kali mno, na ndege mmoja mdogo sana, mwenye gramu 10 tu na mkia ulioinuka, ambaye Waingereza humwita wren, alikufa kwa wingi hata sehemu kubwa ya jamii yake ikatoweka nchini. Wale wanaosalia hujua hila moja: usiku hujibana pamoja shimoni ili joto la mmoja liwe joto la wote. Mwaka 1969, katika jimbo la Norfolk, walihesabiwa 61 ndani ya sanduku moja la kiota. Mimi nisingaliamini, lakini tunao ndege wetu wafanyao vile vile. Ni kuzumburu, yule mwenye mkia mrefu kama wa panya na ushungi kichwani. Ukiamka mapema siku ya baridi utawaona wameshikamana kama kifurushi, kisha jua likitoka wananing'inia wakilielekezea matumbo wapate moto. Watoto wa Katwe husema kuzumburu ni wavivu. Sivyo, wanaota jua kwa sababu usiku umewala nguvu.

Tena katika vuli ya Ulaya ya mwaka 1974 baridi iliwahi, ikawakuta mbayuwayu kaskazini ya milima ya Alps kabla hawajaondoka. Walianguka maelfu kwa maelfu. Watu wa Uswisi, Ujerumani na Austria waliwaokota, wakawatia katika makasha, wakawapeleka kwa gari moshi na kwa ndege za abiria mpaka ng'ambo ya milima, kwenye jua. Nilipolisoma jambo hili nilimkumbuka yule wangu wa kijiko cha maziwa nikaona haya.

Basi ukimwokota ndege aliyelowa na kuishiwa nguvu, ufanye hivi. Mtie katika sanduku la karatasi lenye matundu, chini umetandika kitambaa kikavu. Lifunike, uliweke mahali penye joto kidogo na kimya, mbali na paka na mbali na watoto. Usimnyweshe, usimlishe mkate, usimfungue kila dakika kumtazama. Giza humtuliza, na kutulia kwake ndiyo dawa. Mvua ikiisha na jua lingalipo, fungua sanduku nje, uondoke. Kama ana nguvu ataruka mwenyewe. Tangu nijue hivyo nimewatia wanne sandukuni, watatu waliruka. Yule wa nne alikuwa amepigwa na jiwe la mvua kichwani.

Kinda likianguka kutoka kiotani, lirudishe. Watu wengi husema mama yake atalikataa kwa sababu ya harufu ya mkono wa mtu. Si kweli, maana ndege wetu hawa hawamjui mtoto wao kwa harufu, bali kwa sauti na mahali. Kiota kikiwa kimeharibika, tia majani makavu katika kikapu kidogo chenye matundu chini, ukifunge kwenye tawi lile lile. Lakini kinda lenye manyoya kamili linalorukaruka chini halijaanguka. Linajifunza, nawe utakuwa umemteka mtoto wa wenyewe.

Hata hivyo, ndugu msomaji, sanduku ni kazi ya mmoja mmoja. Ndege wa Katwe ni wengi, na dhoruba huja usiku wakati sote tumelala. Kinachowasaidia kweli ni kile kilichokuwapo uani kabla wingu halijaonekana, na hapo ndipo ninaporudi kwenye mtuba.

Mtuba ni wa jamii ya mkuyu. Majani yake ni mengi na mazito, na mtu akisimama chini yake mvua inapoanza hukaa mkavu kwa muda mrefu. Matunda yake madogo huliwa na kuzumburu, shore, na popo usiku. Na kwa kuwa mituba haizai yote kwa wakati mmoja, mara nyingi huwapo mmoja wenye matunda hata katika kiangazi, wakati miti mingine imekauka. Gome lake likibanduliwa kwa ustadi na shina likafungwa kwa majani ya migomba, mti haufi. Hutoa gome jingine. Kazi hiyo ya nguo za gome ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Mtuba wa Jajja haujabanduliwa kwa miaka mingi, lakini mnana, wale ndege wa manjano wenye vichwa vyeusi, wamening'iniza viota vyao katika matawi yake tangu kabla sijazaliwa. Mnana dume husuka kwa nyasi na vipande vya majani, jike huja kukagua. Asipopenda, kazi yote ni bure.

Sasa, mwaka jana baba mdogo alitaka kuukata. Nawaomba msimlaumu upesi. Baba mdogo ni fundi wa masigiri, na chuma kimepanda bei. Alitaka kujenga mizigo mitano uani, yaani vyumba vya kupangisha, na mti ulikuwa umesimama mahali pa chumba cha tano. Kodi ya vyumba hivyo, alisema, ndiyo itakayolipa ada ya shule. Na ada hiyo, wasomaji wangu, ni yangu.

Mtawaza jinsi nilivyokuwa. Kuutetea mti ni kuupiga teke mkeka ninaolalia. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia, "Baba mdogo, nina neno, ila nakuomba usinione mtoto asiye na shukrani." Akasema, "Sema, mwanangu." Nikamweleza habari ya kivuli, kwamba vyumba vya mabati chini ya jua tupu havikaliki mchana, na mpangaji hukimbia, habari ya upepo, kwamba mti ule huvunja nguvu yake kabla haujafika kwenye mapaa, na mwishowe, kwa sauti ndogo, habari ya ndege. Kwa habari ya ndege alicheka. Kwa habari ya mabati hakucheka, maana yeye ni fundi. Jajja hakusema neno, alisonga kiti chake akaketi chini ya mti.

Tulipatana hivi: vyumba vinne, na matawi ya upande wa nyumba yakatwe. Niliomba yakatwe Januari, wakati wa jua, kwa sababu mnana hujenga na kuzaa hasa wakati wa mvua. Mtu akikata Aprili anakata na makinda. Hili nalo si gumu kwa yeyote mwenye mti: tazama kwanza juu, kisha shika panga.

Asiye na nafasi ya mti asikate tamaa. Nimepanda mishubiri katika madebe matatu ya zamani kando ya ukuta, na chozi huja kunyonya maua yake hata mbele ya mlango. Ua wa miti hai ni bora kuliko ukuta mtupu, na majani makavu yaliyoachwa pembeni huwa ghala ya wadudu wa kuliwa.

Katika kiangazi shida ni maji. Mitaro ya Katwe ina maji siku zote, lakini mengi ni ya sabuni na mafuta ya gari. Nilimwomba baba mdogo chombo, akanikunjia bakuli zuri la bati. Halikufaa. Saa sita mchana maji yalikuwa ya moto kama ya kuogea, na ukingo ulikuwa mkali. Sasa natumia kigae cha chungu kilichovunjika, kisichozidi vidole viwili kwa kina, na jiwe katikati ili mdogo asizame. Nimekiweka mahali peupe, paka asipate pa kunyemelea. Jirani mmoja aliniambia nafuga mbu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana mbu huhitaji yapata juma moja au zaidi katika maji kutoka yai hata kuruka. Kwa hiyo namwaga maji kila siku na kusugua kigae kwa majani; mbu hapati nafasi. Mtu asiyeweza kuyabadili maji kila siku au kila siku ya pili, asiyaweke kabisa.

Viumbe vingine nitavitaja kwa ufupi. Mjusi hana joto lake mwenyewe. Asubuhi baada ya mvua ya baridi hawezi kukimbia, na ndipo watoto humpiga mawe na kujiona mashujaa. Mwacheni apate jua kwanza. Kinyonga pia hupigwa, kwa hofu tu. Chura hutumbukia katika mashimo ya misingi ya nyumba na asitoke. Ubao mmoja uliolazwa mshazari ni ngazi ya kumtosha, naye atawalipa kwa kula mende na wadudu wengine. Kabla ya kuchoma takataka, zigeuzeni kwa fimbo, kwa sababu wapo waliojificha humo mvua ilipokuwa ikinyesha. Mafuriko ya mfereji wa Nakivubo yakipanda hata majumbani, nyoka naye hutafuta mahali pakavu. Huyo msimwokoe kwa mikono.

Kuna neno la hadhari ambalo sipendi mlisahau. Mwezi wa Januari 2017 homa ya mafua ya ndege iliingia Uganda, na ndege wa ziwani walikutwa wamekufa pwani ya Lutembe, njia ya Entebbe, mahali ambapo wageni wengi wa kaskazini hupumzika. Mkiona ndege wengi wamekufa pamoja bila dhoruba, msiguse hata mmoja. Toeni habari kwa bwana mifugo. Na kila umshikapo ndege yeyote, nawa kwa sabuni. Kwa habari ya kaloli, yule korongo mkubwa mwenye upara wa jijini kwetu, sina shauri lolote. Sijapata kumwona kaloli aliyeshindwa na maisha ya Kampala.

Matawi yalikatwa Januari kama tulivyopatana, na vyumba vinne vikaisha mwezi wa Machi. Nilipofika likizo ya Mei nilihesabu viota vya mnana 11 kwenye matawi yaliyobaki. Juma la pili ikaja dhoruba ya usiku. Asubuhi vilikuwa vimebaki saba, na chini nilikuta makinda mawili hai. Niliyatia katika kikapu nikayafunga juu. Moja lilikufa usiku ule. La pili lilikuwa bado likilia kulipopambazuka, na mama yake alikuwa akiliendea na panzi mdomoni. Baba mdogo alisimama chini akatazama kwa muda mrefu kabla ya kwenda kazini. Siku hizi wapangaji wakimwuliza kama kuna chumba kingine, huwaonyesha mtuba, akawaambia kwamba chumba cha tano kimekwisha kuchukuliwa, na hao waliomo hawajalipa hata senti moja.